Wageni wa Bi Euralda

Jumamosi nyumbani kwetu huanza na ndoo. Mama huosha gari kabla jua halijachoma, mimi nafuta vioo kwa gazeti kuukuu, halafu tunakaa kwenye ngazi tunakunywa kakao ya moto na mikate ya kukaanga. Tunaishi Vieux Fort, mji mdogo wa kisiwani, karibu sana na uwanja wa ndege. Ndege kubwa ikitua, vikombe vinacheza kabatini.

Mama ni dereva wa wageni. Kazi yangu mimi ni kuandika majina yao kwenye kibao cheupe ambacho Mama hukinyanyua pale mlango wa kutokea abiria. Mwandiko wa Mama hata mwenyewe humshinda kuusoma. Kazi hiyo naipenda kwa sababu haina kuongea. Darasani nikiulizwa swali, jibu nalijua kabisa, lakini linakwama kooni mpaka mwalimu anamwita mwingine.

Jumamosi hiyo niliandika PELLETIER kwa wino wa bluu. Walikuwa wageni wa Bi Euralda, mwenye nyumba ya wageni kule Soufrière. Msimu ulikuwa unaanza, na Bi Euralda alikuwa anatafuta dereva mmoja wa kumchukulia wageni wake wote mpaka Pasaka. Alimwambia Mama, "Niletee hawa vizuri, halafu tutaongea."

Mama alipiga pasi shati lake la kazi mara mbili. "Tukiipata kazi hii, Kerlyn, sitakuwa nakaa tena pale kwenye foleni ya teksi kusikiliza maneno ya Ti-Gaston."

Ti kwetu maana yake mdogo, ila huyo Ti-Gaston hapiti mlangoni bila kugeuka ubavu. Aliwahi kusema mbele ya madereva wote kwamba kona za Soufrière si za mwanamke. Tangu siku hiyo Mama alikuwa hamsalimii.

Asubuhi Mama alitangulia kupeleka abiria mwingine Castries, mjini, ng'ambo ya mlima. Ndege ya kina Pelletier ilikuwa inatua saa nane mchana, kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha. Aliniachia kibao wino ukauke, akasema atakipitia akirudi.

Saa saba na nusu simu ikalia.

"Kerlyn, nilikuwa narudi, udongo umeporomoka huku mlimani Barre de l'Isle. Magari yamejaa mbele na nyuma, hata kugeuza siwezi."

"Tingatinga limefika?"

"Tingatinga gani? Kuna mzee mmoja ana koleo, na wengine wote wanampa ushauri. Sasa sikiliza, mwanangu. Chukua kibao uende ukasimame pale mlangoni. Waambie nakuja sasa hivi."

"Mama, niwaambie mimi?"

"Maneno mawili tu. Sasa hivi. Usinia..."

Simu ikakatika. Kule mlimani, ndani ya msitu, mtandao unashika na kuachia.

Hapa kisiwani kila dereva husema sasa hivi. Hata yule ambaye bado anatafuta soksi chini ya kitanda atakwambia anapiga kona. Sisi tumezoea. Mtu akituambia yuko njiani, tunaendelea kuanika nguo, tunamaliza, tunachota na maji. Hatumwoni kuwa mwongo, na yeye mwenyewe hajioni.

Nilitembea mpaka uwanjani, kibao nimekikumbatia kifuani. Abiria walianza kutoka, nikakinyanyua mpaka kikanifunika uso.

"Nani yuko huko nyuma ya jina letu?" sauti ikauliza.

Alikuwa mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, anasukuma mkokoteni wa mizigo. Pembeni yake alikuwa baba yake, mzee wa fimbo, kamba za viatu zimefunguliwa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Walikuwa wametoka nyumbani kwao Kanada usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Mama yangu anakuja sasa hivi," nikasema. Niliviambia viatu vya mzee, si wao.

"Safi kabisa," akasema Bi Pelletier. "Baba, usikae, gari linafika."

Palikuwa na benchi pale ndani, lina kivuli na feni. Mzee alilitazama, akaliacha, akaja kusimama na sisi ukingoni mwa barabara. Kila gari lilipokata kona aliinama akaokota mfuko wake, gari likapita, akauweka chini. Likaja jingine, akauokota tena.

Nikampigia Mama. Haikuita. Nikapiga tena, vilevile.

Madereva wa foleni walikuwa wameegemea magari yao kwenye kivuli. Wa kwanza mbele, kwa bahati yangu, alikuwa Ti-Gaston.

"Wewe Kerlyn," akaita, "mama yako Philo yuko wapi? Au leo una maji mdomoni?"

Wenzake wakacheka. Nikakipandisha kibao usoni.

"Mwacheni mtoto," mmoja akasema. "Kwao maneno yananunuliwa dukani."

"Basi Philo atakuwa kwenye udongo kule juu," Ti-Gaston akasema, sasa hatanii. "Shemeji yangu amepita kwa mguu. Anasema njia haifunguki kabla ya jioni."

Mzee akaokota mfuko. Gari likapita. Safari hii alipouweka chini alishika nguzo, na midomo yake ilikuwa mikavu.

"Ni hilo lijalo, baba," Bi Pelletier akamwambia, halafu akanigeukia. "Si umesema sasa hivi, mpenzi?"

Pale uwanjani kuna sheria moja ambayo hata wale wabishi hawaivunji. Mgeni akikosa gari lake, anachukuliwa na dereva aliye mbele ya foleni. Huruhusiwi kumchagua rafiki yako aliye nyuma. Kwa hiyo nikisema ukweli, wageni wa Bi Euralda wanapanda gari la Ti-Gaston. Atawapeleka Soufrière, Bi Euralda atamwona yeye mlangoni, na ile kazi ya mpaka Pasaka huenda ikawa yake. Nikinyamaza, kazi bado ina matumaini, ila mzee anaendelea kusimama.

Nilikuwa natamani Mama apige simu aamue yeye. Hakupiga.

"Bi Pelletier, samahani," nikasema. "Mama haji sasa hivi. Udongo umeziba barabara, huenda hata jioni hajafika. Nilisema vile kwa sababu hapa kwetu tunasema vile."

Akanitazama. "Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua yuko mbali. Njia ya Soufrière ni nyingine, haijafungwa. Yule pale ndiye dereva wa zamu. Anaendesha vizuri. Ila kwanza ngoja nimpigie Bi Euralda, muingie ndani mkae kwenye feni."

Sijui niliongea kwa pumzi ngapi. Mzee alikuwa ameshaanza kuelekea kwenye benchi.

Kumpigia Bi Euralda kulikuwa kugumu kuliko yote. Nilimweleza tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Wewe ni yule mtoto asiyeongea?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Euralda."

"Gari la nani limekuwa la zamu?"

"La Anko Ti-Gaston."

"Sawa. Mpe simu nimweleze nyumba. Na wape wazee maji."

Ti-Gaston alipomaliza kuongea alinirudishia simu polepole. "Umenipa mimi? Philo anajua?"

"Hajui. Simu yake haishiki."

"Atakuchinja."

"Najua, Anko."

Hakucheka. Akaenda mpaka kwenye benchi, akabeba mifuko yote miwili na mkono mmoja, mkono mwingine akampa mzee aushike. Nikasikia anamwambia, "Mimi namshikia zamu tu dada yangu Philo leo. Dereva wenu ni yeye." Sikuamini masikio yangu.

Mama alifika nyumbani saa kumi na mbili, matope mpaka magotini, shati la pasi mbili limekuwa kama tambara. Nilimweleza akiwa bado mlangoni. Akakaa kwenye ngazi.

"Ti-Gaston," akasema. "Katika watu wote wa kisiwa hiki, Kerlyn, umempa yeye."

"Alikuwa mbele ya foleni, Mama."

"Nilikwambia uwaambie nakuja."

"Niliwaambia. Yule mzee akakataa kukaa kwa ajili hiyo. Alikuwa anaokota mfuko kila gari likipita."

Mama akavua kiatu kimoja. Alikuwa anabandua tope kwenye kiatu kwa kijiti, kipande kimojakimoja. Simu yake ikalia, akaiweka kwenye spika ili mikono iendelee na kiatu.

"Philomène," ilikuwa sauti ya Bi Euralda, "wageni wameshakula, mzee amelala. Jumanne nina wengine wawili, saa tisa. Utawaweza?"

Mama akaacha kijiti. "Nilidhani utamchukua Gaston."

"Gaston mwenyewe kaniambia mara tatu kwamba wageni ni wako. Sikiliza, mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii. Udongo unaanguka, matairi yanapasuka, siwezi kumlaumu dereva kwa mvua. Ninachoshindwa kuvumilia ni mgeni kukalishwa anatazama barabara isiyo na gari, na mimi huku jikoni sijui nimwambie nini. Leo nilijua kila kitu mapema. Mtoto wako kanipigia."

Baada ya hapo Mama akatafuta namba ambayo alikuwa hajaipiga siku nyingi.

"Gaston. Mimi Philo. Nimepiga kukushukuru."

"Uko wapi, bado unakuja sasa hivi?"

"Niko kwenye ngazi yangu, mguu mmoja una kiatu."

Wakacheka wote wawili, muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipokata simu alinivuta nikakaa karibu naye.

"Nilikutuma kusema kitu ambacho si kweli," akasema, "na nilikiona kidogo kwa sababu kila mtu hukisema. Lakini mgeni hazijui barabara zetu. Akitua hapa, neno letu ndilo linalomwambia akae au asimame, ale au asubiri. Tukimdanganya hata kwa dakika chache, ni miguu yake inayolipa. Jumanne nikichelewa, waambie niko wapi hasa. Hata kama niko Micoud nyuma ya lori la ndizi."