Kelele za Karasha la Heche

Kila asubuhi, pale Nyamongo, Heche huwasha karasha lake nyuma ya nyumba. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pipa la chuma huzunguka, na mawe husagika hadi kuwa unga. Mkewe, Wegesa, humletea mawe kwa ndoo huku mtoto wao, Waisiko, akiwa mgongoni.

Heche huinamisha kichwa karibu na pipa na kusikiliza. Mlio ukilainika, anajua mawe yameiva, yaani yamesagika vya kutosha. Majirani humsifu kwa hilo, na sifa anazipenda kweli.

Jumatatu moja sufuria ilimponyoka Wegesa jikoni. Kuku walitimua mbio. Waisiko, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliendelea kuchezea kijiko. Wegesa alimwita. Hakugeuka. Alimwita tena. Hofu ikamshika.

"Baba Waisiko, mtoto hasikii!"

"Unasemaje?"

"Mtoto hasikii!"

"Anacheza tu huyo. Usituletee mkosi."

Siku tatu Wegesa hakula vizuri. Alipiga makofi nyuma ya mtoto. Mara ageuke, mara asigeuke. Aliogopa kumwambia mama mkwe, asije akaambiwa ni laana. Siku ya nne alimweleza jirani yake Agustina, ambaye ni afisa afya.

Agustina alikuja na kifaa kidogo cha kushika mkononi. Kilikuwa na kioo cha namba na sponji nyeusi kichwani.

"Hiki ni kipima sauti," alisema. "Mama Waisiko, mpeleke mtoto kwa bibi yake kwanza."

Karasha lilipowashwa, Heche alikichukua kifaa na kukibandika kwenye pipa.

"Hapana!" Agustina alimpigia kelele. "Hicho si kipimajoto! Tunapima kelele inayofika sikioni. Nyoosha mkono, kiwe mbali na mwili. Kiweke pale kichwa chako kinapokaa. Kioo kionyeshe herufi A, ndipo kifaa kinasikia kama sikio la mtu. Usiiondoe sponji, inazuia upepo. Sasa subiri namba itulie."

Namba ilitulia kwenye mia moja. Wakasogea pembeni ili waelewane.

"Mia moja!" Heche alicheka. "Nimefaulu?"

"Umefeli. Wataalamu wanashauri kelele isizidi desibeli themanini na tano, kwa muda usiozidi saa nane kwa siku. Kwenye mia moja ni robo saa tu."

"Mimi nimeshazoea."

"Hujazoea. Umeanza kuwa kiziwi."

Kisha Agustina alisimama pale Wegesa anapomwagia mawe. Alikinyoosha kifaa mahali ambapo kichwa cha Waisiko hukaa kila siku. Akamwita Heche asome mwenyewe.

Tisini na saba.

"Mtu mzima haruhusiwi kuzidisha nusu saa hapa," Agustina alipaza sauti. "Mtoto wako anakaa kutwa."

Heche alizima mashine. "Dada, nimemuua masikio mwanangu?"

"Kifaa hiki hakipimi masikio, kinapima kelele tu. Mtoto asirudi hapa. Nendeni hospitali, wote watatu."

Baada ya wiki mbili za kumweka mtoto mbali na karasha, walisubiri majibu kwenye benchi la hospitali. Heche alikuwa akiomba Mungu kimoyomoyo. Daktari alipotoka, alisema masikio ya Waisiko yalikuwa yamechoka, na yamepona kwa kupumzika. Wegesa alilia kwa furaha. Kisha daktari akamgeukia Heche. Uwezo wa kusikia sauti nyembamba, kama za watoto, Heche alikuwa ameupoteza, na haurudi tena.

Leo karasha liko mbali, kule bondeni. Heche huvaa vizibo vya masikio. Ili kujua kama mawe yameiva, huzima mashine na kusugua unga kwa vidole. Agustina alipima tena mlangoni kwa Wegesa. Akapata hamsini na tano.

Jioni moja Heche alirudi akaketi uani, akiupa mgongo mlango. Akiwa ndani, Waisiko alisikia kikohozi cha baba yake. Akatoka mbio.

"Tata!" alimwita baba yake. "Tata!"

Heche hakugeuka mpaka mtoto alipomshika bega.