Sanduku la Risasi la Anko Garland

Kidole changu cha shahada nilikiona kwenye changarawe kabla sijasikia maumivu yoyote.

Kilikuwa bado na rangi ya kucha niliyopaka Jumapili. Nikakitazama hivi hivi, nikawaza, hiki ni cha nani tena?

Halafu nikautazama mkono wangu wa kulia.

Jamani... sitaandika nilichokiona. Wengine mnasoma hii huku mnakula.

Naitwa Raelynn Stidham, Rae kwa wanaonijua. Ni wa huku huku milimani Kentucky, kaunti ndogo ambayo ukikohoa asubuhi, mchana mtu wa ng'ambo ya mto anakuuliza kifua kinaendeleaje. Kisa hiki watu wameshakisimulia sana, na wamekisimulia vibaya. Leo nakisimulia mwenyewe. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kutukana mtu kwenye maoni.

Baba yangu, Doyle, alikuwa askari wa sherifu. Alipigwa risasi kando ya barabara kuu baada ya kusimamisha gari lenye taa mbovu. Taa mbovu tu! Mimi nilikuwa bado shule. Mama yangu, Darla, hakuwahi kuvua pete yake ya ndoa, na hakutaka kazi ile itajwe mezani kwake.

Sasa mimi na kichwa changu kigumu, nikaenda kuomba kazi ile ile.

Nilimwambia mama jikoni. Hakugomba wala hakulia. Alisema "Sawa," akaendelea kukanda unga wa biskuti.

Ningejua ile "sawa" ilibeba nini...

Mtihani wa kwanza wa shabaha nilifeli vibaya. Mkono ulitetemeka mpaka kuruta wenzangu wakaangalia pembeni kwa aibu. Sajenti Pruitt, mkufunzi wetu, akaniambia nimebakiza nafasi moja, nikifeli tena nikatafute kazi ya kuuza donati. Nikamuuliza nifanyeje.

"Piga risasi nyingi, Stidham. Piga mpaka mkono uchoke kuogopa."

Rahisi kusema! Kaunti yetu haina hela, kila kuruta anajinunulia risasi za mazoezi. Na mwaka ule zilikuwa zimeadimika. Duka la mjini walikuwa wanatoa boksi mbili tu kwa mteja. Unawahi foleni kabla hawajafungua, unakuta wazee wamekuja na wake zao na wakwe zao ili kila mmoja achukue mbili zake.

Mtandaoni za jumla zilikuwepo, bei nzuri kabisa, mpaka ufike kwenye gharama ya kusafirisha. Hapo unafunga simu na kwenda kulala. Nikajaribu zile za bei ya kutupwa zenye chuma ndani, lakini uwanja wetu wa shabaha hauzikubali, wakazipima kwa sumaku mlangoni na kunirudisha nazo.

Nilishachoka kabisa, ndipo Anko Garland akaingia.

Garland Napier si ndugu yangu wa damu. Alikuwa mwenzake baba kwenye doria, walikula kwenye gari moja miaka yote. Alipostaafu alijichimbia kwenye banda nyuma ya nyumba yake, anajaza maganda upya. Anachukua ganda lililokwisha kupigwa, analisafisha, anatia baruti na kichwa kipya, anauza kwa jumla kwa watu wa mazoezi. Na leseni anayo, imetundikwa ukutani.

Kila risasi yake ilikuwa na mstari wa kijani wa maka peni kwenye kitako. Huku kila anayejaza ana rangi yake, ili mkimaliza kupiga kila mtu aokote maganda yake bila ugomvi. Kijani kilikuwa cha Garland, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Watu wa huku wanaambizana tangu utotoni, usipige risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine. Kila mtu anaisema hiyo. Halafu bei zinapanda, na wote unawakuta mlangoni kwa Garland.

Alinishushia sanduku la chuma limejaa mpaka kifuniko kinagoma. Nikauliza bei, akanitajia hela ya maganda peke yake.

"Na baruti?" nikauliza.

"Baruti alishalipa baba yako."

"Anko, utafilisika."

"Wewe faulu kwanza. Utanilipa siku utakaponikamata naendesha kasi, ukaniachia."

Sanduku tuliliweka chini ya nyumba, stoo, pembeni ya meza ya baba ya kujazia risasi. Mama hakuwahi kuiondoa ile meza. Aliipangusa vumbi kila Jumamosi.

Nikaanza kupiga kila nilipotoka kazini. Risasi za Garland zilikuwa safi, hazikunigomea hata mara moja. Mkono ukatulia. Pruitt akaanza kunung'unika kidogo tu, na kwake hiyo ni sifa. Nikirudi nyumbani nilikuwa namwonyesha mama karatasi za shabaha, matundu yote yamekusanyika katikati.

Mama alikuwa anaziangalia, anasema "Sawa."

Sasa nisikilizeni hapa vizuri.

Tulifundishwa kwamba bastola ikigoma, usifikiri. Gonga kitako cha magazini, vuta sehemu ya juu ya bastola nyuma, fyatua tena. Kwenye mtihani unaokoa sekunde, barabarani unaokoa roho. Nilirudia zoezi hilo mpaka mikono ikawa inalifanya yenyewe.

Siku ile, wiki ya mwisho kabla ya mtihani, mtu wa pembeni yangu alikuwa anajaribu bunduki yake ya kuwindia paa, na mimi masikio nimeyaziba. Nikafyatua. Bastola ikagoma. Kama ilitoa mlio mdogo, sikuusikia.

Mikono ikafanya ilichofundishwa. Ikagonga, ikavuta, ikafyatua.

Ule mlio mdogo nisiousikia maana yake kichwa cha risasi kimetoka kwenye ganda bila nguvu, kimekwama katikati ya mtutu. Risasi iliyofuata haikuwa na pa kupita. Ilipasua chuma, na mkono wangu ndio ulikuwa umeshika chuma hicho.

Filimbi ikapigwa. Wote wakaweka silaha chini, wakarudi nyuma ya mstari wa njano kama kanuni inavyosema. Mimi nikabaki pale mbele peke yangu, natafuta kidole.

Hospitali walishindwa kukirudisha. Cha kati kilibaki, lakini hakikunjiki. Miwani iliokoa macho. Na kazi ya sherifu... hiyo iliondoka siku hiyo hiyo.

Pruitt alichukua sanduku, akazipima risasi zilizobaki moja moja. Chache zilikuwa nyepesi. Hazikuwa na baruti ndani, na zote zilikuwa na mstari wa kijani.

Kaunti nzima ikahukumu kabla ya chakula cha jioni. Mzee macho yameisha. Mzee anakunywa. Mzee alitaka hela. Watu walionunua kwake miaka na miaka wakasema wao walikuwa na mashaka siku zote!

Pruitt alimwita Garland ofisini, akamwekea zile nyepesi mezani. Baadaye aliniambia mzee aliinua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga muda mrefu, akairudisha. Hakujitetea. Alisema tu, "Kijani ni changu," akaenda nyumbani, akaitoa leseni ukutani na kuirudisha serikalini mwenyewe.

Jumapili moja akaja kwenye chakula cha pamoja, ukumbi wa kanisa, na sufuria lake la maharage na mkate wa mahindi kama kawaida yake. Akaja kukaa mezani kwetu.

Mama akainuka. Hakumwangalia. Akachukua sahani yake na kuondoka.

Basi watu wakachukulia hiyo ndiyo hukumu. Meza ya pili wakainuka, ya tatu wakainuka. Maharage yake hakuna aliyeyagusa. Mimi nilikaa na bandeji yangu, roho inaniuma kwa hasira, nikajisemea, huyu ndiye mama, ananipigania!

Garland akafunika sufuria, akaondoka. Hakurudi tena kanisani.

Ukapita msimu wa baridi. Nilikuwa najifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na siku moja nikaamua kuisafisha ile meza ya baba. Sikutaka kuona tena kitu chochote cha risasi ndani ya nyumba ile.

Baba alikuwa na nyundo ya plastiki, ndani ina uwazi. Mtu akikosea kujaza, anaiweka risasi humo, anagonga chini, kichwa na baruti vinamwagikia ndani ya nyundo. Nikaichukua ili niitupe.

Ikachakarika.

Nikaifungua. Baruti ikanimwagikia kiganjani. Ilikuwa kavu, nyeusi inang'aa, haina hata vumbi.

Baba alikuwa amelala makaburini miaka mingi. Mimi ile nyundo sikuwahi kuigusa. Na nyumba ile tulikuwa tunaishi watu wawili.

Niliipandisha jikoni, nikaiweka mezani katikati ya unga wa biskuti.

Mama akaiangalia. Akakaa chini taratibu, mikono yake imejaa unga.

"Nilitaka zisilie tu," akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Baba yako alikuwa ananikalisha pale nimshikie taa. Nilimwona anavitoa vichwa, anamwaga baruti, anavirudisha kwa ile mashine yake. Nilidhani bila baruti ni ganda tu, Rae. Nilidhani ungebonyeza, kimya, ungebonyeza, kimya... mpaka uone hii kazi inakukataa, urudi nyumbani ukiwa mzima."

Hakujua kwamba kile kidude cha kitako kinachowasha baruti, peke yake kina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi mpaka nusu ya mtutu. Alishika taa miaka yote, lakini hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

"Nimeshazika mmoja," akasema. "Wa pili nisingemuweza."

Nikamuuliza, na Garland? Hapo ndipo alipofunika uso kwa ule unga. Akasema siku ile kanisani alishindwa kukaa meza moja na mtu anayebeba dhambi yake. Aliinuka kwa aibu, na watu wote wakaisoma kama hasira. Hata mimi.

Nikaendesha gari kwa mkono mmoja mpaka kwa Garland.

Nilimkuta kwenye kiti, na mrija wa hewa puani. Kabla ya uaskari alichimba makaa, na kifua kilikuwa kimeanza kudai chake. Nikaanza kulia mlangoni. Nikamwambia, Anko, hukuwa wewe. Alikuwa mama.

Hakushtuka.

"Kaa chini, binti. Unaingiza baridi."

"Umenisikia lakini? Nasema alikuwa mama!"

"Nilijua siku ile ile ofisini kwa Pruitt."

Macho yalinitoka, jamani.

Akanieleza kwa sauti ya kukatika-katika. Mashine ya Doyle ilikuwa na kasoro, ilikuwa inaacha alama ndogo ya duara kwenye pua ya kila risasi inayopita pale. Yeye na baba walikuwa wanaicheka alama hiyo tangu ujana. Zile nyepesi zote zilikuwa nayo. Kwa hiyo alijua zilifunguliwa na kufungwa tena mezani kwa baba, na alijua nyumba ile ina nani.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Wamekutema! Mimi nimekutema!"

Akavuta hewa kwenye mrija wake.

"Ulikuwa huna baba, na mkono umeharibika. Nikisema, wanamchukua Darla. Ningekuacha na nani?"

Nilimbembeleza aniruhusu niende kwa Pruitt siku ile ile. Akakataa. Akasema akishakufa nifanye ninavyotaka, lakini akiwa hai, neno alilompa Doyle la kutuangalia linasimama.

Mama alikwenda kwake kesho yake na sufuria la supu. Sikuingia. Nilikaa garini. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, na tangu hapo akawa anakwenda kila siku kumpikia na kumfulia, mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita tumemzika Garland Napier.

Mchungaji, mimi, mama, Pruitt na wachimba kaburi. Basi! Mtu aliyeokoa mazoezi ya nusu ya kaunti hii, mtu aliyekagua kila risasi chini ya taa yake, kazikwa na watu wasiojaza benchi moja. Kama wewe ni mmoja wa mlioinuka na sahani zenu siku ile, hii nimekuandikia wewe. Mzee hakukosea. Hata moja hakukosea.

Mtaniuliza funzo. Wengi mlitarajia niseme msinunue risasi za bei rahisi. Nunueni tu, lakini bastola ikigoma, mkisikia mlio mdogo au msipousikia kabisa, wekeni chini na mwangalie mtutu. Mkono wangu haukufundishwa kusubiri.

Ila funzo langu ni jingine. Mtu anayekupenda akikwambia "sawa" huku macho yake yanakataa, usiinuke mezani. Kaa hapo hapo, umuulize anaogopa nini. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kupiga shabaha.

Kesho asubuhi mimi na mama tunakwenda kwa Sajenti Pruitt. Sijui watamfanya nini. Najua nitakuwa nimekaa pembeni yake.

Ameisoma hii yote, yupo hapa karibu yangu. Nimemwambia ikishatoka hairudi. Akasema, "Sawa."

Safari hii nimemuuliza, sawa kweli, mama?

Akasema, "Hapana. Naogopa sana. Lakini itume."

Nimemwambia sitatuma mimi. Nampa simu, abonyeze kwa kidole chake mwenyewe.