Rangi Ndani ya Ufa

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, tarehe tisa, kichwa cha treni ya abiria kiliacha reli kwenye kona ya kuingilia stesheni, kikalala ubavu. Mabehewa yalibaki wima. Abiria waliteremka na mizigo yao, wengine wakilalamika kuchelewa, kabla hawajajua kwamba dereva amekufa kwenye kiti chake.

Mkaguzi wa ajali alifika saa tatu na robo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mpole wa sauti, na siku kumi na moja kabla alikuwa amemzika mama yake. Tangu siku ile kila kitu kilimfikia kwa mbali, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alimtazama dereva, akaandika saa. Alitazama damu kwenye mkono wa breki, akaandika. Hakutetemeka, na hilo halikumshangaza.

Chini ya kichwa, upande wa kushoto, gurudumu la pili, alikuta springi namba kumi na saba imekatika. Springi za vichwa vile zilikuwa pleti za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu, fupi chini, na kufungwa kiunoni kwa bendi ya chuma. Pleti ya juu kabisa, ile inayobeba na kuvutwa kuliko zote, ilikuwa imekatika vipande viwili sentimita mbili kutoka kwenye bendi.

"Dereva alikuwa anakimbiza," alisema msimamizi wa stesheni nyuma yake. "Kila mtu anajua. Yule bwana alikuwa na haraka hata ya kunywa chai."

"Kila mtu alikuwemo ndani?"

Msimamizi akageuka, akaenda kuwatazama abiria.

Karatasi ya kinasa mwendo ilitolewa saa tano. Ilionyesha kilomita thelathini na nane kwa saa. Kona ile iliruhusu arobaini. Mkaguzi aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. Mke wa dereva alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya stesheni, kanga imemteremka begani na hana habari nayo. Mkaguzi alisimama mbele yake.

"Dada, mumeo hakukimbiza treni. Yeyote atakayekwambia vingine, mlete kwangu."

Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa. "Asubuhi nilimgombeza," alisema. "Aliacha bomba linavuja." Basi. Wakakaa pamoja dakika chache, macho ya wote wawili makavu kama karatasi.

Karakana ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Pale mlangoni palikuwa na ubao mkubwa wenye namba za chaki: SIKU 412 BILA SPRINGI KUKATIKA. Hakuna aliyekuwa ameufuta bado. Chini yake alisimama fundi mkuu, mzee mwembamba waliyemwita Kipimo, kwa sababu hakuonekana bila kalipa, kile chombo cha kupimia unene, mfukoni na hakukubali namba iliyokadiriwa. "Nusu milimita nayo ina haki yake," ndivyo alivyowaambia wanafunzi, na mkaguzi alikuwa mmoja wao, miaka ishirini iliyopita. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kusoma chuma kilichokatika. Na siku ya mazishi ya mama alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Umekula?"

"Nitakula."

"Hujala." Akatikisa kichwa. "Ni springi, eh? Basi mtazame mhunzi wangu. Simsemi vibaya, lakini siku hizi chupa inamwendesha. Chuma kikipozwa vibaya kinakuwa kama kioo."

Mhunzi, jina lake la kazini Moshi, alikuwa karibu na tanuru, mikono imejaa makovu madogo. Mkaguzi alimhoji palepale, mbele ya askari mpelelezi aliyekuja kuandika.

"Unakunywa kazini?"

"Nikitoka kazini. Kazini sinywi, mkaguzi. Huu moto haucheki na mtu."

"Springi namba kumi na saba, ni wewe uliyeipitisha motoni?"

"Mwaka jana. Na mwezi uliopita ilirudi kufanyiwa ukaguzi."

"Ukaipitisha?"

Moshi alitazama mlango wa ofisi ya fundi mkuu, kisha akatazama viatu vyake. "Kadi inasemaje?"

"Nakuuliza wewe."

"Kama kadi inasema niliipitisha, basi niliipitisha."

Askari alitaka kumkamata palepale. Mkaguzi alimwomba asubiri. Alikuwa amemwona Moshi anaogopa, lakini mtu mwenye kosa huogopa swali. Huyu aliogopa mlango.

Kesho yake saa mbili asubuhi alijifungia kwenye chumba cha vipimo. Kwanza alipima ugumu wa chuma mahali sita. Kilikuwa sawasawa, Moshi hakukosea motoni. Kisha akaweka uso wa mkatiko chini ya lenzi. Sehemu kubwa ilikuwa inang'aa, mpya, ya asubuhi ile ya ajali. Lakini kwenye ukingo wa juu palikuwa na doa jeusi, pana kama kucha ya kidole gumba. Chuma kile kilikuwa kimeanza kupasuka siku nyingi kabla, na ufa ulianzia ndani ya namba: ile tarakimu saba katika kumi na saba, iliyogongwa kwa patasi juu ya pleti, upande ule ule unaovutwa.

Ndani ya doa jeusi palikuwa na kitu cha kijani. Alikichokoa kwa sindano. Rangi.

Basi aliyeipaka springi ile alikuta ufa tayari upo. Kisha akaenda stoo.

"Rangi ya kijani mlianza kuitumia lini?"

"Tarehe ishirini mwezi uliopita," alisema mtunza stoo. "Kabla ya hapo ilikuwa nyeusi tupu. Saini hii hapa."

Kadi ya springi kumi na saba ilisema imekaguliwa na kupakwa rangi tarehe tatu mwezi uliopita, pamoja na nyingine saba, ikafungwa kwenye kichwa tarehe ishirini na nne. Saini ya Moshi. Lakini tarehe tatu karakana haikuwa na hata tone la kijani. Alirudi chumbani, akakwangua rangi polepole. Chini yake hapakuwa na nyeusi. Palikuwa na chuma kitupu, na juu ya chuma, alama ya njano ya chaki ya mafuta: mistari miwili iliyokatana. Alama ya kukataliwa.

Akazipanga kadi zote nane mezani. Kwenye saba, Moshi aliandika kimo cha mkunjo wa springi kwa milimita nzima: sabini na moja, sabini na mbili, sabini. Kwenye kadi ya kumi na saba kimo kilikuwa sabini na moja na nusu.

Mkaguzi aliisoma namba ile mara tatu. Alingoja moyo umshtuke. Haukushtuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Saa nane mchana aliingia ofisi ya fundi mkuu pamoja na askari na Moshi. Mzee Kipimo aliondoa faili kwenye kiti ili mkaguzi apate kukaa.

"Moshi," mkaguzi alisema, "tarehe ngapi uliikataa kumi na saba?"

Moshi akavua kofia yake. "Ishirini na mbili. Niliilowesha mafuta ya taa, nikaifuta, nikapaka chokaa. Mafuta yakachora mstari mweusi kwenye namba. Nikaweka alama. Kesho yake sikuiona kwenye chakavu. Nikadhani imeshapelekwa kuyeyushwa. Jana nilipoiona imekatika pale relini..."

"Mbona hukusema jana?"

"Nani angemwamini mlevi dhidi ya Fundi?"

Mkaguzi akaweka kadi mezani, kidole kwenye nusu. "Fundi. Mwandiko umeuiga vizuri. Kipimo hukuweza kukiandika uongo."

Mzee aliisoma kadi. Hakukana. Alitoa kalipa mfukoni, akaiweka juu ya meza, kana kwamba ni kitambulisho anachorudisha.

"Ilikuwa njia yangu ya kuimarisha springi," alisema. "Miaka tisa. Kulainisha kingo, kurushia pleti chembe za chuma zikaze ngozi yake, kupaka grisi katikati. Springi zilikuwa zinakatika kila wiki, binti, unakumbuka. Zikaacha. Makao makuu walisema karakana zote zitafuata njia hii mwezi ujao, mradi usionekane hata ufa mmoja. Ukaonekana. Nilitaka ifike mwezi ujao tu. Ningeibadilisha kimya kimya."

"Njia yako ilikuwa sahihi."

Mzee akainua macho.

"Ufa ulianzia kwenye namba. Nani aliamuru namba zigongwe juu, karibu na bendi?"

"Mimi. Zilikuwa hazisomeki pale kwenye ncha." Kidole chake kikafuata namba ya springi kwenye kadi. "Mkwaruzo kwenye upande unaovutwa. Nilikufundisha hilo wiki ya kwanza."

"Ungeleta springi ile mezani tungeuona siku hiyo hiyo. Zilizogongwa hivyo ni ngapi?"

"Arobaini na sita." Alifungua daftari lake, akaanza kumsomea namba. Mkaguzi alipiga simu kituo cha kuongozea treni, akarudia kila namba. Vichwa vinane vilikuwa njiani. Kimoja baada ya kingine vilisimamishwa, penye stesheni na pasipo na stesheni, na mafundi wakaingia chini na mafuta ya taa na chokaa.

Simu ililia saa kumi kasoro dakika tano. Mkaguzi alisikiliza, akasema ahsante, akakata.

"Springi namba thelathini na moja ina ufa," alisema. "Imepita nusu ya pleti. Kulikuwa na abiria mia mbili na zaidi."

"Wameteremka?"

"Wamekaa kwenye majani kando ya reli. Wanatukana."

Mzee Kipimo akafunika uso kwa viganja. Askari alisubiri kidogo, kisha akamshika kiwiko kwa adabu, kama mtu anayemsaidia babu yake kuvuka barabara.

Mkaguzi alibaki na Moshi. Alichukua fomu, mahali pa chanzo cha ajali, akaandika jina kamili la mwalimu wake bila kusita, herufi kwa herufi. Alipofika mwisho aligundua karatasi imelowa machozi yake, na Moshi amegeukia dirishani ili asimwone akilia.