Mama Mkwe Alimwita Mwanangu Haflidi

"Mtoto huyu anaitwa nani?" Mchungaji akauliza.

Mama mkwe wangu, Steinvor, alikuwa amempakata mwanangu juu ya bakuli la maji, pale pale sebuleni kwao. Kazi yake siku ile ilikuwa moja tu. Kutamka jina tulilomnong'oneza asubuhi jikoni.

Aron.

Akameza mate. Akamtupia mumewe jicho. Halafu akasema kwa sauti ambayo hata kondoo bandani waliisikia...

"HAFLIDI!"

Jamani!!

Mchungaji akachota maji. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nimeganda kama samaki wa kukausha, mdomo wazi, na mwanangu anabatizwa jina ambalo sijawahi kulichagua!

Baba mkwe, mzee Thorbrandur, akasimama. Kikombe chake cha kahawa kikaanguka zuliani. Hakukiokota. Akatoka nje kwenye theluji bila koti.

"Mama!" mume wangu Bragi akafoka. "Umefanya nini?"

"Alinijia ndotoni."

"Nani?"

"Kaka yako. Alisimama miguuni pa kitanda, maji yanamchuruzika. Akaniambia, Mama, nipokee."

Shangazi wa Bragi akajifunika uso.

Wapendwa, ngoja niwaeleze kwa nini watu walianza kulia badala ya kula keki.

Huku kwetu Iceland mtoto hukaa wiki nyingi bila jina, anaitwa "kijana" tu, na jina ni siri ya wazazi mpaka siku ya ubatizo. Na kila mtu hapa amelelewa akijua jambo hili: mtu akikujia ndotoni kuomba mtoto anayezaliwa apewe jina lake, mtu huyo ni marehemu. Na marehemu akiomba jina, hanyimwi.

Kwa hiyo Mama Steinvor hakuwa ametoa jina tu. Alikuwa ametangaza msiba!

Haflidi ni kaka mkubwa wa Bragi. Aliondoka Bragi akiwa bado mdogo. Mzee alitaka amrithishe shamba na kondoo, yeye akataka meli. Siku ya kuondoka, mzee alimwambia: "Ukivuka kizingiti hiki, jina lako halitatajwa tena humu ndani."

Na kweli halikutajwa. Mimi nimeolewa humu, nikalisikia kwa minong'ono tu, tena ya jikoni.

Usiku wa ubatizo sikumnyonyesha mwanangu kwa amani hata kidogo. Nilikuwa na hasira... nilitaka Aron wangu!

"Tubadilishe," nikamwambia Bragi.

"Umnyime maiti jina? Hugrun, mtoto akiugua je?"

"Mimi nimesoma chuo, Bragi. Siamini ndoto."

"Basi mbona unatetemeka?"



Nimesomea lugha, hivyo nikafanya ninachojua. Nikalitafuta jina lenyewe. Limetoka katika lugha ya kale ya wazee wetu, na lina sehemu mbili: bahari, na mtu asafiriye. Haflidi ni msafiri wa bahari. Wanaoitwa hivyo siku hizi ni wachache. Shuleni nilisoma na Aron kibao, Haflidi hata mmoja.

Nikalitamka taratibu juu ya kitanda cha mtoto. Akafumbua macho.

Nikalia. Sijui kwa nini.

Siku zilizofuata mzee hakuingia ndani ila kulala. Alishinda bandani na kondoo wenye mimba. Chakula kinarudi kilivyo. Nikamfuata na chupa ya kahawa na mkate wenye nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi.

"Baba, kula kidogo."

"Mpe mbwa."

"Mbwa ameshakula sahani yako ya jana."

Akataka kucheka, ikashindikana. Akaegemea uzio.

"Nilimwambia akitoka asirudi," akasema. "Akanitii, mpumbavu yule. Maisha yake yote alinitii mara moja tu, na ikawa kwa hilo."

Moyo ukanipasuka. Nikajikuta namwambia, "Baba, ulimwita msafiri wa bahari. Ukamkasirikia kwa kusafiri?"

Akarudi kwa kondoo wake.

"Msomi wetu," akasema. "Nenda zako."

Nikajua nimemuumiza. Kesho yake tukasikia makubwa zaidi: mzee amempigia Mchungaji. Jumapili kengele ya kanisa italia kwa ajili ya Haflidi, na kijiji kizima kitakuja kuomboleza!

Mchana ule nikaenda chumba cha kufulia kuchukua nepi. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Mashine inanguruma, na Mama Steinvor yuko ndani na simu sikioni.

"Vumilia kidogo, mwanangu... ndiyo, baba yako analia... analia kila siku, namwona dirishani... Umekula lakini? Huko kwenu visiwani Faroe kuna baridi... Haya, Haflidi wangu, Mungu akutunze."

Weee!!

Nepi zikanidondoka. Akageuka.

"Yu hai?!"

"Shusha sauti, mwanangu."

"Mama, yu HAI?!"

"Ananipigia kila mara mzee akiwa bandani. Miaka yote."

"Umemuua mwanao kwa mdomo wako mwenyewe!"

"Nimemuua kidogo tu."

Jamani, huyu mama!

"Na mwanangu?" nikauliza, machozi yananitoka. "Umemtumia mwanangu kudanganyia?"

Hapo akainamisha kichwa.

"Mzee wangu hashindwi na mtu aliye hai. Nimembembeleza, nimemnunia, nimemlilia. Mtu pekee asiyeweza kubishana naye ni maiti. Nikasema nimpelekee maiti. Nilitaka alie siku mbili, aseme anamtaka mwanawe... halafu nimwambie. Sikujua kama atakwenda mpaka kwenye kengele. Sasa naogopa. Nikisema, hatanisamehe. Nisiposema, Jumapili tunamwomboleza mtu aliye hai."

"Nitasema mimi," nikamwambia.

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

Nikambeba mwanangu, nikamfunika blanketi, nikaenda bandani. Mama Steinvor ananifuata nyuma na simu yake mkononi.

"Baba," nikaanza, "hakuna msiba. Haflidi yu hai. Mama alidanganya ile ndoto."

Nikafumba macho kungoja radi.

Mzee akaendelea kumkuna kondoo mmoja shingoni.

"Najua," akasema.

"Unajua?!"

"Siku ya ubatizo nilikufa kabisa. Kesho yake nikapita nje ya dirisha la jikoni, nikamwona Steinvor anakaanga chapati za maji huku anaimba." Akamgeukia mkewe. "Mama aliyefiwa haimbi, mwanamke. Ndiyo nikajua kijana yu hai. Nikaja hapa nikalia tena, sasa kwa furaha."

"Na kengele?" Mama Steinvor akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilitaka ubanwe useme wewe! Mimi ningeanzia wapi? Niliyelifunga jina ni mimi!"

Wote wawili wakatazamana. Wazee wazima, kila mmoja na uongo wake, na katikati yao mwanangu ananyonya kidole.

Mama akabonyeza namba. Akampa mzee simu. Aliishika kama mwanakondoo aliyezaliwa sasa hivi, kwa mikono miwili.

"Hapo kwema, Mama?" sauti ya mwanaume ikasikika.

Mzee akafungua mdomo.

"Haflidi."



"...Baba?"

"Kuna mtu hapa amechukua jina lako. Mdogo, hana meno."

"Nimesikia."

"Wafu ndio huja ndotoni, mwanangu. Wewe mzima. Pita mlangoni."

Tulingoja. Nilitamani aseme anakuja. Jamani, nilitamani sana!

"Sijui kama naweza, Baba," akasema. "Nipe muda."

Simu ikakatika.

Mzee akairudisha. Akasema hatamlaumu, kisha akaenda mwenyewe kumpigia Mchungaji kuzuia ile kengele. Jioni akala.

Haflidi mkubwa hajaja bado. Lakini sasa anapiga simu hata mzee akiwa mezani, na Mama hajifichi tena chumba cha kufulia. Mimi bado nina donge na Mama. Tunaongea, donge lipo. Aron nimemwacha aende. Mwanangu ni Haflidi, na sasa nimelichagua mwenyewe.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna jina mliloapa kutolitaja, usingoje mwenyewe afe ndipo ulitamke. Litaje leo, angali anaweza kuitika.