Uzi Mwekundu, Uzi wa Bluu

Mama Kasuku ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele ndicho duka, na chumba cha nyuma ndicho nyumba. Mashine inakaa karibu na dirisha, ipate mwanga. Sakafuni hapakosi vipande vya vitambaa. Ukikaa kwenye benchi la wateja bila kuangalia, utainuka na pini mahali pasipotajwa.

Binti yake yuko darasa la tatu. Jina la Kasuku alipewa na baba yake, maana alipoanza kusema hakunyamaza tena. Alisema akila. Alisema akiogeshwa. Hata usingizini alikuwa na la kusema.

Baba Kasuku ni fundi wa friji. Zamani waliishi wote watatu. Kisha wazazi wakaanza kugombana. Waligombana mpaka wakachoka, wakaachana. Baba akahamia mtaa wa pili, ng'ambo ya soko. Walipatana bila shida kuhusu siku: siku za shule mtoto akae kwa mama, na mwisho wa wiki akae kwa baba.

Kuhusu mtoto walipatana. Kuhusu vitu vya mtoto hawakupatana hata kidogo.

Ugomvi ulianza na gauni la njano. Mama alilishona, likaenda kwa baba, halikurudi. Baba naye alinunua sweta la bluu, likaja kwa mama, likakaa huko. Maneno yakarushwa kwa simu.

"Mimi sina duka la kugawa nguo," alisema mama.

"Na mimi sichumi nguo mtini," alijibu baba.

Basi mama akafanya jambo ambalo fundi cherehani tu angeliwaza. Alichukua sindano, akatia alama ndogo ya uzi mwekundu ndani ya kola au kiuno cha kila nguo ya kwake. Nguo zilizonunuliwa na baba akazitia uzi wa bluu. Zenye uzi mwekundu zirudi kwa mama. Zenye uzi wa bluu zirudi kwa baba. Baba aliposikia alisema, "Hapo umefikiri." Ilikuwa mara ya kwanza kusikilizana tangu waachane, na walisikilizana katika kosa.

Kuanzia hapo, Kasuku akifika kwa baba alivua nguo za uzi mwekundu mlangoni, akavaa za bluu. Siku ya kurudi alivua tena. Zile nyekundu zilimngoja ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjamana.

Kitu kimoja hakikusafiri kabisa. Kilikuwa mto wake mdogo. Mama aliushona Kasuku akiwa bado tumboni, kwa vipande vilivyobaki vya nguo za wateja. Kasuku alizoea kulala ameubana kifuani. Kila Ijumaa aliuomba.

"Mama, niende na mto wangu?"

"Mto unakaa hapa."

"Nitaurudisha."

"Nimesema unakaa hapa, mama. Haya, viatu."

Sababu mama hakuisema. Aliijua, ila hakuipenda. Alikuwa anaogopa. Kule kwa baba kulikuwa na televisheni, na baba hakumsumbua mtu kuhusu kuosha vyombo. Mto ukienda kule, mtoto atafuata nini huku? Kwa hiyo Kasuku alipoondoka, mama aliuchukua ule mto, akakaa nao kitandani. Ulinukia mafuta ya nywele ya mtoto. Alimkumbuka binti yake, na binti mwenyewe hata sokoni alikuwa hajafika.

Kule kwa baba, Kasuku alikunja taulo akalibana kifuani. Lakini taulo ni taulo. Akirudi kwa mama alilitaka lile sweta la bluu, lenye harufu ya karakana ya baba. Sweta lilikuwa kwa baba, limetundikwa, linalindwa. Popote alipokuwa, kitu alichokitaka kilikuwa upande wa pili.

Maneno yakaanza kumwisha. Mtoto aliyekuwa akizungumza hata na vijiko sasa alijibu "ndiyo" na "hapana." Ijumaa tumbo lilimuuma. Jumapili lilimuuma pia. Wazazi wakaulizana kwa simu, "Unamlisha nini huko?" Kila mmoja alimuuliza mwenzake, na hakuna aliyemuuliza Kasuku.

Alasiri moja Mwalimu alikuja kujaribu gauni lake. Mwalimu ni jirani, mama wa makamo aliyefundisha chekechea mpaka akastaafu. Ni mtu wa maneno yake. Alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mikono, akasema, "Usinibane kiunoni, mwanangu. Nakula bado."

Mama akasogeza nguo za Kasuku zilizokuwa kwenye benchi, zimetoka kuanuliwa. Kidole chake kikaingia kwenye tundu. Akaitazama kola ya lile gauni la njano. Uzi mwekundu haukuwepo. Akashika blauzi. Tundu. Akashika sketi. Tundu kiunoni.

"Panya?" aliuliza Mwalimu.

"Panya hana subira hii. Huyu ametumia pini."

Kasuku alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mama akainua lile gauni. "Kasuku. Nani amefumua nyuzi zangu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mtoto alitazama vidole vya miguu yake. "Za uzi mwekundu ni za mama. Za bluu ni za baba."

"Enhe?"

"Zisipokuwa na uzi hazina mwenyewe. Nikasema basi zitakuwa zangu."

Hakulia. Mama angependa alie, angejua la kufanya. Alisimama na gauni mkononi, na hasira yote ikamwisha papo hapo.

"Nenda kacheze kidogo nje, mjukuu wangu," alisema Mwalimu.

Mtoto akatoka. Mama akapiga magoti haraka, akajaza pini mdomoni, akaanza kukunja pindo la gauni la Mwalimu ili asionekane uso. Mwalimu alimtazama kutoka juu ya kigoda.

"Vizuri umeweka pini mdomoni," alisema. "Leo utanisikiliza mpaka mwisho."

"Mm," alisema mama.

"Nimepokea watoto wengi mlangoni asubuhi. Wengine wametoka kwa mama, wengine kwa baba. Aliyekuwa sawa hakuwa yule mwenye vitu vingi. Alikuwa yule anayejua vitu vyake ni vyake. Nguo ukishampa mtoto si yako tena. Si ya baba yake pia. Avae hii huku, avae kule, ibaki, irudi. Ni yake."

"Mm."

"Vitu vya kila siku viwe pande zote mbili. Mswaki, nguo za ndani, ndala, nguo za kulalia. Mtoto asiwe kama mgeni anayebeba mswaki wake. Anachokipenda kuliko vyote, hicho aende nacho na arudi nacho, na asiulizwe. Vitabu vya shule na dawa kama anatumia, mpeane nyinyi wakubwa. Akisahau kitu, aletewe bila makelele. Mbona wewe juzi umesahau mkasi wako kwangu, nani alikugombeza?"

Mama akazitoa pini mdomoni. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mwalimu, yote hayo nitafanya. Lakini ule mto..."

"Mto una nini?"

"Akienda nao, atarudi kufuata nini?"

Mwalimu akashuka kigodani, pindo moja juu na jingine chini. Akakaa kwenye benchi, bila kuangalia, na bahati ilikuwa yake.

"Atakufuata wewe, mwanangu. Ukiuzuia mto humvuti. Unamwongezea kitu cha kukosa. Na anakosa vya kutosha. Akiwa hapa anamkosa baba yake, akiwa kule anakukosa wewe. Hilo huwezi kuliondoa. Ila unaweza kumruhusu aliseme. Amewahi kukwambia anamkumbuka baba yake?"

Mama akafikiri. "Hapana. Hajawahi."

"Basi anaogopa kukuumiza," alisema Mwalimu. "Mzigo mkubwa kuliko ule mfuko wa nailoni ndio huo."

Kesho yake mama alifunga duka mapema, akaenda karakana. Alimkuta Baba Kasuku ameingia ndani ya friji kubwa la duka la nyama, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Hodi, Baba Kasuku. Nimekuja kwa heri."

Miguu ikatulia. Kisha baba akatoka taratibu, kama mtu asiyeamini sana hiyo heri. Mama alimweleza yote, pamoja na matundu. Baba alisikiliza akifuta mikono kwenye tambara, na akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

"Lile sweta," alisema mwishowe, "nimelitundika kwenye msumari. Nikiamka nalitazama, nasema Jumatano hii, bado Alhamisi, atakuja. Nilijua analitaka. Nikaona akiondoka nalo, nyumba itakuwa tupu kabisa."

"Na mimi nina mto," alisema mama.

Hawakurudiana, na hawakutaka kurudiana. Lakini kila mmoja alimwonea mwenzake huruma, kitu ambacho hawakuwa nacho kwa muda mrefu.

"Basi tuache kumvua mtoto mlangoni," alisema baba.

"Tuache. Na maneno yetu tuambiane wenyewe. Tusimtume yeye."

Jioni hiyo mama alimkalisha Kasuku mbele ya furushi la vitambaa. "Nakushonea begi la safari. Chagua."

Kasuku akachagua kitambaa cha pazia chenye samaki. Mama alitaka kusema kitambaa hicho ni cha mteja, badala yake akamwomba mteja kwa simu. Begi likawa na mifuko miwili ya pembeni na zipu ngumu. Alhamisi walipanga vitu pamoja, bila haraka. Mama alitaja kinachohitajika shuleni, na Kasuku alichagua mengine. Alitia mto, na kitabu cha picha, na jiwe. Jiwe la nini? Mama hakuuliza.

Mambo hayakunyooka siku moja. Wiki ya kwanza kitabu cha hesabu kilibaki kwa baba. Zamani pangechimbika. Safari hii baba alikileta asubuhi na mapema, akampa mama mkononi, wakasalimiana, akaenda kazini. Sweta la bluu lilikuja kwa mama likakaa, na hakuna aliyelidai. Maumivu ya tumbo ya Ijumaa yalipungua, kisha yakaacha.

Jumapili moja Kasuku alirudi na begi limelegea. Mama akalipapasa.

"Mto uko wapi?"

"Nimeuacha kwa baba. Nitaukuta."

Siku aliyokuwa akiiogopa ilikuwa imefika. Mto umebaki kule, na mtoto huyu hapa, anavua viatu katikati ya njia kama kawaida yake, anauliza kuna chakula gani.

Walikula. Kasuku alisimulia kuhusu friji lililokutwa na panya ndani, akasimulia tena kutoka mwanzo kwa sababu alisahau kutaja mkia. Kisha akachezea kijiko.

"Mama, nimemkumbuka baba."

Katika nyumba ile maneno hayo yalikuwa hayajawahi kusemwa. Mama aliyasikia yakimchoma kifuani, akayaacha yamchome. Alisogea kwenye mkeka, akampa mtoto nafasi karibu yake.

"Najua," alisema. "Njoo ukae hapa. Niambie unachokikumbuka."

Kasuku akaja, akamwegemea mama yake, akaanza kusema.