Kimya Baina ya Pumzi

Jumatatu ya tarehe tatu Machi, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakipiga vioo vya benki, na ukumbi ulinuka makoti mabichi. Mwanamke aliyevaa gauni la bluu, fundi mitambo wa kituo cha redio, alikuwa ameketi akitazama namba zikibadilika ukutani, pale kichwa cha mwanamume asiyemjua kilipotua begani pake.

Kilitua polepole, kama mzigo unaoshushwa na mtu anayeijua kazi yake. Mwenye kichwa alikuwa pande la mtu: shati jeupe, viatu vinavyong'aa, shingo nene iliyobanwa na kola. Wanawake wa viti vya nyuma walianza kuchekea puani. Fundi hakumsukuma. Namba ya mtu huyo ilipoitwa mara ya pili ndipo alipomgusa kwa kidole.

"Kaka, hilo ni bega, si mto."

Aliamka akivuta hewa kwa nguvu, kama aliyeibuka kutoka majini. Kisha akaliona doa la mate kwenye mkono wa gauni, akaona haya, mtu mzima yule.

"Nisamehe, dada. Nina deni lako."

"Deni la nini?"

"La bega."

"Basi utalilipa. Mimi sisamehi madeni ovyo."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mwanamume huyo alikuwa dereva wa kreni, akishinda kutwa ndani ya kibanda cha vioo juu ya ghorofa zilizokuwa zikijengwa, na wenzake walimwita Mnara. Yeye alimwita mwanamke huyo Fundi, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, mwenye kunyoosha shati hata la kazini, na mwenye kiburi cha wale ambao hawajawahi kuangusha kitu. Fundi alimpenda kwa hayo yote, hicho kiburi kikiwemo, jambo ambalo baadaye alilijutia.

Ni lazima ieleweke kwamba kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kuogopa kimya. Katika chumba chake cha mitambo, sauti ikikatika hewani taa nyekundu huwaka ukutani, na kila aliyemo huacha chai yake. Masikio yake yalikuwa yamefunzwa kutenganisha kimya cha mtangazaji anayemeza mate na kimya cha waya uliokatika.

Usiku mmoja Mnara alisinzia katikati ya neno, simu ikiwa bado sikioni. Fundi alicheka. Mkoromo ulianza chini, ukapanda, ukapanda tena, kisha ukakatika. Simu haikuwa imekatika. Aliisikia saa ya ukutani ya mwenzake ikigonga. Pumzi ndiyo haikuwepo. Alijikuta amesimama katikati ya chumba chake, akiitafuta kwa macho taa nyekundu ambayo haikuwepo. Kwa mbali ukaja mkwaruzo wa kukaba, kama mtu anayeng'oa mlango, na hewa ikarudi. Kabla hajaketi, ikakatika tena.

Asubuhi alimweleza. Mnara alicheka.

"Mpenzi, anayekoroma amelala vizuri. Baba yangu alikoroma hadi majirani wakamzoea, naye alipata kifo ambacho kila mtu anakiombea. Alilala, hakuamka."

Alilisema kwa fahari, kama mtu anayetaja shamba la urithi.

Tangu hapo aliyaona yote aliyokuwa akiyaonea haya kuyatazama. Mnara aliamka na kichwa kinachogonga. Alilala saa nyingi na kuamka amechoka kama aliyekesha. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa mjomba wa Fundi, alisinzia mzee akiwa katikati ya nasaha. Mjomba alisema kwamba mwanamume anayesinzia akiposa, akioa atazirai, na kwamba yeye hatamtoa binti wa dada yake kwa mlevi. Mnara, ambaye hakuwahi kuonja pombe, aliondoka bila kujitetea.

Fundi akampigia simu dada mkubwa wa Mnara. Dada huyo alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba alikuwa hivyo hivyo, wifi yangu," alisema. "Anakoroma, ananyamaza. Mama alikuwa akimsukuma kwa kiwiko, naye anaanza tena. Miaka na miaka, kiwiko tu. Usiku ule alipofariki, mama alikuwa safarini."

Jumamosi, katika mgahawa ulio mkabala na kituo cha redio, Fundi alimwekea Mnara sauti aliyoirekodi kupitia simu. Mnara alisikiliza kichwa kimeinama. Vikombe viligongana, watu waliagiza chai, na baina yao pumzi ilikatika, ikarudi, ikakatika.

"Umenirekodi nimelala," alisema hatimaye. "Ukazungumza na dada yangu nyuma yangu. Kwa mjomba wako mimi ni mlevi. Kwako ni mgonjwa. Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna. Ila nenda hospitali ukapimwe, laazizi. Na umwambie msimamizi wako. Chini ya kreni ile kuna watu."

"Nikimwambia, sitapanda tena."

"Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Mnara alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alisema kwamba alidhani amepata mke, kumbe amepata mpelelezi. Akaondoka. Alikuwa na hakika kwamba mwanamke huyo anamwonea haya na anatafuta njia ya kumwacha. Naye mwanamke alibaki na hakika kwamba amechukiwa. Wote wawili walikosea, na hakuna aliyepiga simu. Mara mbili Fundi aliitafuta namba ya msimamizi, na mara mbili akaiacha, akijiambia kwamba anampa mwenzake heshima ya kujisemea. Hiyo haikuwa heshima. Ulikuwa woga, na chini ya kreni watu waliendelea kupita.

Siku moja alasiri mlinzi wa kituo alimwita chini. Mnara alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kazi, vumbi la saruji hadi kwenye kope, kofia ya chuma mkononi. Fundi hakuwahi kumwona na shati lililokunjamana.

"Nimeshuka," alisema.

Alimweleza kwa maneno machache. Alikuwa amening'iniza furushi la nondo. Aliyakumbuka mawingu, kisha akasikia redio ya kibandani ikimwita kwa kelele, na nondo zilikuwa zimevuka mstari wa usalama, zikibembea juu ya vijana waliokuwa wakimwaga zege, ambao sasa walikuwa wamejitupa kifudifudi. Hakuumia mtu. Aliushusha mzigo, akazima mtambo, akateremka ngazi yote, akamwambia msimamizi ukweli wote.

"Sikulala usingizi, Fundi. Niliondoka tu. Sikujua kwamba nimeondoka. Nadhani baba naye hakujua."

Hospitali ilimlaza usiku mmoja, nyaya kichwani na kifuani, mpira mwembamba chini ya pua. Fundi alikesha nyumbani akiitazama simu. Asubuhi waliketi pamoja mbele ya daktari, aliyewageuzia kioo cha kompyuta. Mstari ulipanda na kushuka, kisha ukalala tambarare, mrefu, kabla ya kuruka. Fundi aliujua mstari ule kabla haujaelezwa. Koo hujifunga usingizini, daktari alisema, na moyo wa mtu huyu umekuwa ukipigana usiku kucha kwa miaka. Akauliza baba alifariki akiwa na umri gani.

"Umri nitakaoufikia mwakani," Mnara alijibu.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema kwamba ipo mashine ya kupuliza hewa kupitia kinyago, ya kila usiku bila kuruka hata mmoja. Na kwamba kreni itasubiri ruhusa ya daktari mwenyewe, iwapo ataitoa.

Walisubiri mashine kwenye benchi la ukumbini, katikati ya wagonjwa na watoto wanaolia.

"Utaweza kulala karibu na mume mwenye mpira usoni?" Mnara aliuliza, bila kumtazama.

"Ina kelele?"

"Inavuma tu. Haikatiki."

"Basi nitaweza. Na umeme ukikatika?"

"Una kiwiko."

"Na siku nitakayokuwa safarini?"

Mnara aliushika mkono wake. "Utapiga simu," alisema, "nami nitaiacha wazi."

Fundi alitaka kumwambia kwamba hilo halitoshi. Badala yake usingizi wa majuma yote yale ukamwangukia, na kichwa chake kikatua begani pa Mnara.

Alipoamka, ukumbi ulikuwa umebaki mtupu na boksi la mashine lilikuwa miguuni mwao. Mnara alikuwa ameketi wima vile vile, ameinamisha sikio, akiisikiliza pumzi ya mwenzake.

"Nimelala?"

"Umelala. Deni lako nimelilipa."

Fundi alilitazama bega la shati jeupe, akaliona doa la mate, akalipangusa kwa kiganja.

"Limelipwa," alisema.