Mafuta Chini ya Pikapu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi ya Nakhumicha ilikuwa kupangusa vioo vya pikapu ya baba yake, Mzee Makokha, mfanyabiashara wa mahindi mjini Kitale. Jumatatu hiyo aliona gurudumu la nyuma limelowa upande wa ndani na mafuta yakidondoka chini.

"Baba, mafuta inamwagika tena."

Mzee Makokha aliinama, akagusa, akanusa. Uso ulimbadilika. "Si Gathii aliniambia wiki iliyopita ameweka sili mpya ya kuzuia mafuta yasitoke? Huyu ameniwekea kuukuu."

Gathii alikuwa fundi wao, na binti yake Wamboi alikaa dawati moja na Nakhumicha katika darasa la saba. Siku hiyo Nakhumicha alimtazama rafiki yake kwa jicho la pembeni. Hata kalamu mpya ya Wamboi aliitilia shaka. Imenunuliwa kwa pesa za nani? Wakati wa mapumziko alimnong'onezea Cheptoo, na Cheptoo hakujua kufunga mdomo. Kabla ya saa nane darasa zima lilikuwa na habari.

"Ati baba yangu ni mwizi?" Wamboi aliuliza.

"Muulize hiyo sili ilienda wapi."

Wamboi alichukua vitabu vyake, akaenda kubanana na wengine dawati la nyuma.

Jioni Mzee Makokha, ambaye alikuwa ameshamtangaza Gathii sokoni kuwa mwizi, aliipeleka pikapu gereji pamoja na Nakhumicha. "Angalia mikono yake," alimwambia binti yake. "Asitubadilishie kitu kingine."

Nakhumicha alikodoa macho. Gathii aliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akawaonyesha sili. Ilikuwa mpya. Kisha akafungua nati chini ya difu, kasha la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mzee, hii gari iliingia maji lini?"

"Maji gani? Usinizungushe, Gathii. Leo ndiyo mwisho wangu hapa."

Nakhumicha alikumbuka. Jumamosi yeye na mjomba wake Wekoye, dereva wa pikapu, walikuwa wakirudi kutoka kwa nyanya yake huko Mabanga, karibu na Bungoma. Baba alikuwa ameagiza gari lioshwe nyumbani kwa maji ya mitungi, lakini walipofika Kamukuywa, mjomba aliliingiza mtoni moja kwa moja, likiwa bado moto, kama madereva wengi wafanyavyo. "Tusimwambie mzee," alisema. Nakhumicha alikubali kwa furaha, kwa kuwa mitungi hiyo angeibeba yeye. Hakuwahi kufikiri kwamba mto ule ulihusiana na mafuta haya.

Akisema, mjomba ataona cha moto, naye pia. Akinyamaza, baba yake Wamboi atakimbiwa na wateja kwa kosa la watu wengine. Aliona aibu hata kumtazama fundi.

"Tuliosha mtoni, baba," alisema. "Mimi na mjomba. Maji ilifika kwa mlango."

Gathii alitikisa kichwa taratibu. Aliwaonyesha kitundu kidogo juu ya difu kilichozibwa na tope. "Difu inapumulia hapa. Ikiwa moto, ukiitia kwa maji baridi, inavuta maji ndani. Tope nayo ikaziba. Mkianza safari ikapata moto tena, hewa ikakosa njia, ikasukuma mafuta kwa sili. Mngepakia mahindi kesho, mafuta ingejaa kwa breki, gari ikatae kusimama."

Wamboi, aliyemletea baba yake chai, alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote.

"Nisamehe, Wamboi," Nakhumicha alisema. "Nilisema kitu sijui."

"Ulisema mbele ya darasa. Hapa ni sisi tu."

Nakhumicha alimsogelea. "Kesho nitasema mbele ya darasa."

Mzee Makokha alivua kofia yake. "Gathii, nimekukosea. Nilikushuku kabla ya kuuliza watu wa nyumba yangu." Kisha akamgeukia binti yake. "Kesho wewe utasema shuleni, mimi nitasema sokoni. Jina la mtu tulilichafua mbele za watu, mwanangu. Hatuwezi kulisafisha kwa siri."